Kuua viini bila moto: taa si jiko

Leo naweka kando mambo ya programu kwa sababu jirani yangu amenitatiza. Yeye huuza juisi ya maembe, na amesoma mahali kwamba siku hizi viini huuawa bila kupika. Sasa anataka kununua taa ya miale ya urujuanimno, ile ya kusafishia maji, apitishie juisi yake. Eti mimi mtu wa kompyuta nimwambie kama itafaa.

Nilimwambia haifai. Si kwamba sayansi yenyewe ni porojo. Huko West Virginia, Marekani, Bert Hite alijaribu kuhifadhi maziwa kwa shinikizo tangu mwaka 1899. Leo viwanda hutumbukiza chupa za juisi ndani ya tangi la maji, kisha maji hayo hushinikizwa hadi karibu mara 6,000 ya shinikizo la hewa tunayopumua. Chupa haipondeki kwa sababu inabanwa sawasawa pande zote. Dakika chache tu, bakteria wengi wamekufa na ladha imebaki. Mimi nalipenda sana wazo hili! Ila kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili hata hapo, ndiyo maana juisi hiyo hukaa kwenye friji. Na stima zetu mnazijua.

Shida ya jirani ni hesabu. Mwaka 1996 juisi ya tufaha isiyopashwa moto ilisambaza E. coli O157:H7 huko Marekani. Makumi ya watu waliugua na mtoto mmoja akafa. Mwaka 2001 serikali yao ikatoa sheria kwa viwanda vya juisi: utumie moto au usitumie, lazima kiini hatari kipunguzwe mara 100,000. Wenzangu waandishi wa programu wataelewa, maana programu inayofanya kazi "mara nyingi" bado haijaisha. Tena ukianza na viini milioni moja, utabakiwa na kumi. Kwa hivyo maembe yaliyooshwa kwa maji machafu hayaokolewi na mtambo wowote.

Sasa ile taa. Maji safi hupitisha miale, lakini juisi ya embe ni nzito, miale huishia karibu na juu. Marekani iliruhusu miale hiyo kwa juisi mwaka 2000, kwa sharti juisi ipite kwenye bomba ikivurugika vilivyo ili kila tone lifikiwe. Bomba la jirani litatiririka polepole, taa itawaka rangi ya samawati ya kupendeza, na wateja wake, wengi wao watoto wa shule, wataamini wako salama. Afadhali wasiione kabisa.

Kwa maoni yangu mchuzi mdogo apashe juisi moto, hata ikipoteza utamu kidogo. Jirani amenuna, lakini amekubali kuirudisha pesa ya taa kwenye kibeti. Jumamosi nampelekea kipimajoto tujaribu sufuria ya kwanza.