Akili unde haicheki

Na Zuhura Mkamba

Wahadhiri wamekasirika. Tangu ChatGPT iingie mitaani mwishoni mwa 2022, asaimenti yenye Kiingereza kilichonyooka inatiliwa shaka kabla haijasomwa. Wapo, tena wengi, wanaobandika swali na kunakili jibu. Hao sina la kuwatetea. Nawasemea wengine, wale wanaomalizia bando lao, bumu halijaingia bado, wakijifunza ung'eng'e kwa mashine.

Mmoja wao anasoma ualimu wa Baiolojia. Alinionesha simu yake. Alikuwa ameiandikia mashine kwa Kiswahili: niulize maswali kama bosi wa usaili, nikikosea usinipe jibu, nioneshe kosa tu. Akajibu "I didn't went", akaoneshwa, akarudia, akakosea tena kwingine. Nikamuuliza kwa nini hafanyi hayo na wenzake bwenini. "Watanicheka, dada. Hii haicheki."

Hofu hiyo hakuzaliwa nayo. Tulimfundisha kwa Kiswahili miaka saba ya msingi, kidato cha kwanza tukambadilishia lugha ya masomo yote kasoro Kiswahili chenyewe, na akithubutu kufungua kinywa darasa zima linaangua kicheko, mwalimu naye akitabasamu pembeni. Basi kijana akajifunza kunyamaza. Amefika chuo kikuu na ukimya wake, na huko semina zinatawaliwa na wale watatu waliosoma "English medium".

Sisemi mashine ni mwalimu bora. Ina upole uliopitiliza: unaipa aya mbovu, inaanza kwa kukupongeza. Na wengi wanachati kwa maandishi, kwa hiyo vidole vinajua Kiingereza kuliko ulimi. Huyu wangu ataingia darasani kueleza usanisinuru kwa sauti, mbele ya watoto ambao nao wanaogopa kuchekwa.

Ningekuwa mhadhiri, ningeruhusu mashine kwenye maandalizi, kisha kila mwanafunzi aje semina aieleze kazi yake kwa mdomo dakika tano, bila karatasi, na anayecheka atoke nje. Aliyenakili ataumbuka mwenyewe. Najua nitaambiwa madarasa yana mamia ya watu na muda hautoshi. Ni kweli hautoshi. Ila wa kuwinda asaimenti za mashine usiku kucha unapatikana.