CHETI CHA KOMPYUTA NA MLANGO WA OFISI YA HESABU

Ndugu mmoja mfanyakazi wa kiwanda huko Visiga, Kibaha, alitujia juma lililopita na swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa neno moja. Kwa miaka minane ameendesha mashine, na sasa anataka kuiacha kazi hiyo aingie kazi ya fedha. Ameambiwa kwamba akisoma majuma sita na kupata cheti cha programu ya hesabu, Tally au QuickBooks, milango ya ofisi za wahasibu itamfungukia. Ada yapita mshahara wake wa mwezi mmoja. Amekwisha kuchukua fomu ya mkopo katika SACCOS ya wafanyakazi, na wenzake wawili wamekubali kumdhamini.

Twaliandika jambo hili kwa sababu ndugu huyu hayuko peke yake. Viwanda vimeongezeka katika barabara ya Morogoro, na kila penye viwanda pana vijana wanaoitazama ofisi yenye kivuli na kiti wakiwa wamesimama penye joto na kelele. Hilo si kosa. Mtu ana haki ya kutafuta kazi iliyo bora. Lakini watu watatu watafungwa na mkopo ule, na kwa hiyo hapana budi tuseme wazi kile kinachouzwa.

Cheti cha programu chathibitisha kwamba mwenye nacho ajua kuitumia programu hiyo: aweza kufungua daftari la kampuni, kuingiza ankara, kutoa taarifa ya mwezi. Hakithibitishi kwamba ajua kwa nini ankara ile iingizwe pale wala si penginepo. Tuchukue mfano mdogo. Mfanyabiashara aleta stakabadhi ya shilingi 118,000, na ndani yake imo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Asiyejua hesabu za kodi atachukua asilimia 18 ya zile 118,000, apate 21,240. Ajuaye atasema bei ni 100,000 na kodi ni 18,000. Tofauti ni shilingi 3,240 katika stakabadhi moja tu. Na kwa mwezi stakabadhi ni nyingi. Programu iliyopangwa vizuri yaweza kumwokoa yule wa kwanza, lakini ikipangwa vibaya itamfuata katika kosa lake bila kumuuliza neno. Sisi tuliosoma shule za misheni tulilazimishwa kupiga hesabu kichwani kabla ya kuruhusiwa kugusa mashine, nasi tulinung'unika sana. Leo twaelewa mapadri wale walikuwa na maana gani.

Nchi yetu yenyewe imekwisha kulipa ada ya somo hili. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha, nayo kazi yake ilikuwa hesabu za Serikali. Mashine ilikuwa ya kisasa, lakini watu waliojua mambo yote mawili, yaani hesabu za Hazina na mashine yenyewe, walikuwa wachache mno, na wataalamu wa kigeni ndio waliotegemewa. Hesabu zilivurugika, hata mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa, na wapo wanaosema ilituchelewesha. Sisi twaona kwamba marufuku ilikuwa kali kuliko ugonjwa, lakini ugonjwa ulikuwa wa kweli: mashine ilitangulia, ujuzi wa vitabu ukabaki nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo wauza kozi hawalisemi. Programu hubadilika. Ofisi za Serikali zilitumia Epicor kwa miaka mingi, kisha zikahamia MUSE, mfumo uliotengenezwa na wataalamu wetu wenyewe. Aliyekuwa na ujuzi wa Epicor peke yake aliamka asubuhi moja akiwa mwanafunzi tena. Aliyejua kwamba kila shilingi huandikwa mara mbili, itokako na iendako, alijifunza vitufe vipya akaendelea na kazi.

Tena iko sheria. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Huwezi kukagua hesabu za kampuni na kuzitia saini bila kusajiliwa na Bodi hiyo, hata uwe na vyeti vya programu ukutani mpaka darini. Mlango huo una ufunguo mmoja, nao ni mitihani ya Bodi pamoja na mazoezi ya kazi. Jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui ni kwamba mitihani hiyo ina ngazi ya chini, ambayo hata mtu wa kidato cha nne mwenye ufaulu unaotakiwa aweza kuianza. Na mwenye shahada ya fani nyingine hafungiwi nje. Huanzia ngazi inayomfaa.

Je, cheti cha programu hakina faida? La hasha. Tumeona kinavyowafaa watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliyekwisha kujua vitabu, tuseme karani aliyezoea leja za karatasi. Yeye cheti chamwongezea mkono. Wa pili ni yule anayebadili kazi huku akija na ujuzi wake. Mtunza stoo wa kiwanda ajua mali ghafi inaingiaje, inapotelea wapi, na hesabu ya karatasi inatofautianaje na hesabu ya rafuni. Akiongeza utunzaji wa vitabu, kisha programu, huyo ni karani wa hesabu ambaye kiwanda chochote kingefurahi kumpata. Utaratibu wake ndio huo: vitabu kwanza, programu baadaye.

Wengine hututajia benki kubwa za New York na London, ambamo wahandisi na wanahisabati wameingia kazi ya fedha kwa sababu ya kompyuta. Ni kweli. Lakini watu wale huandika programu. Hawakuajiriwa kwa kuwa wamefundishwa kuitumia moja. Kuunda gari na kulipanda ni mambo mawili.

Wala tusisahau kwamba kubadili kazi na kuingia katika fedha si ndoto ya jana. Benki zilipotaifishwa Februari 1967 na Benki ya Taifa ya Biashara kuundwa, Watanzania wenye uzoefu wa benki walikuwa wachache. Aliyekabidhiwa kuiongoza, Amon Nsekela, aliwahi kuwa mwalimu wa shule. Lakini kati ya ubao wa darasani na benki ile alipitia utumishi wa Serikali, na Hazina yenyewe. Kazi ilimfundisha kazi.

Hata sasa, nendeni mkamtazame wakala wa fedha za simu kando ya barabara pale Visiga. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, maelfu ya watu walioacha kilimo, useremala na ushonaji wamo katika kazi ya fedha bila mtu kuwaita hivyo. Kila jioni wakala hulinganisha fedha taslimu za mezani na salio la kwenye simu, na zikipishana yeye ndiye anayelipa. Karani wa ofisini ambaye hajapata kulipa kosa lake kwa fedha za mfukoni mwake ana la kujifunza pale.

Lawama nyingine twaiweka kwa waajiri. Twasoma matangazo yanayotaka karani mwenye cheti cha programu fulani na uzoefu wa miaka mitatu, kwa mshahara wa kibarua. Uzoefu huo aupate wapi? Kiwanda chenye watu mia tatu kingeweza kumtoa mfanyakazi wake mmoja mashineni siku mbili kwa juma, akakaa na mhasibu, na baada ya mwaka kikajua kama anafaa. Gharama yake ni ndogo. Vyama vya wafanyakazi navyo vyaweza kulidai jambo hili katika mikataba ya hali bora, pamoja na nyongeza za mshahara.

Ndugu yetu wa Visiga tulimshauri hivi: asitie saini fomu ile mwezi huu. Aulize NBAA masharti ya ngazi ya chini, anunue kitabu kimoja cha utunzaji wa vitabu, na amwombe mtunza stoo wao amruhusu kusaidia wakati wa kuhesabu mali. SACCOS anayotaka kukopa ina kamati ya usimamizi inayopitia vitabu vyake, na wajumbe wa kamati hiyo huchaguliwa na wanachama. Yeye ni mwanachama, na hajawahi kugombea.

Alituuliza uchaguzi ni lini. Tukamwambia hilo akawaulize wale wadhamini wake wawili.