Amplifaya ya Kwaya: Tununue Sauti Safi, Siyo Kelele



Ndugu wasomaji, kuna mjadala unaojirudia katika parokia nyingi za ukanda huu wa ziwa, na hapa Ujiji tunausikia kila mara watu wanapotoka kwenye Misa: kwaya inataka kununua amplifaya ya gitaa. Vijana wanataka iliyo kubwa kuliko zote dukani. Baadhi ya wazee wanasema afadhali gitaa lenyewe litoke kanisani. Akina mama wa WAWATA, ambao mara nyingi ndio wanaohangaika na michango, wanauliza swali moja tu: itakaa miaka mingapi? Sisi mafrateri tunaosoma falsafa hatuna fedha za kuweka mezani, lakini tuna maoni, na tunaomba tuyatoe kabla mfuko haujafunguliwa.

Maoni yetu kwa kifupi ni haya: amplifaya ya kwaya ichaguliwe kwanza kwa usafi wa sauti yake. Ukubwa wa boksi, jina la kampuni na vitufe vya mbwembwe vije baadaye. Hatusemi hivyo kwa ajili ya ufundi peke yake. Tunasema kwa ajili ya Neno linaloimbwa.

Sauti safi ni nini?

Mpiga gitaa anaposema sauti ni safi, ana maana kwamba kilichotoka kwenye nyuzi ndicho kinachotoka kwenye spika, ila kimekuzwa. Nyuzi sita zikipigwa pamoja, bado sikio linaweza kuzitofautisha. Kinyume chake ni sauti inayokwaruza. Mkwaruzo unatokea hivi: kila amplifaya ina kikomo cha nguvu, na wimbi la sauti likizidi kikomo hicho, vilele vyake vinakatwa. Wimbi lililokatwa kichwa linazaa sauti nyingine ambazo mpigaji hakuzipiga. Wapigaji wa roki wa Marekani na Uingereza waliupenda mkwaruzo huo tangu miaka ya 1950 na 1960 wakaufanya sehemu ya sanaa yao. Hatuna ugomvi nao. Lakini kazi yao ni nyingine na kazi ya kwaya kwenye Misa ni nyingine.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Ili kupata sauti safi, unahitaji nguvu kuliko ile unayotumia. Amplifaya dhaifu ikifunguliwa mpaka mwisho ili ishindane na ngoma na kinanda, itakwaruza. Yenye nguvu ikifunguliwa robo tu, itabaki tulivu na kila noti itasikika. Kwa hiyo vijana hawakosei wanapotaka amplifaya yenye nguvu. Swali ni wanaitakia nini. Nguvu tunayoilipia ni ya akiba. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, alifundisha kuwa fadhila ya kiasi ni kuziweka tamaa chini ya uongozi wa akili. Mwenye kiasi si mtu asiye na nguvu. Ni mtu anayeweza kuzidisha na akachagua kutozidisha. Amplifaya nzuri ya kanisani inafanana naye.

Tusidanganywe na wati

Katika maduka yetu kuna boksi zilizoandikwa wati 2,000 au 3,000 kwa herufi kubwa, na pembeni herufi nne: PMPO. Hesabu hiyo ni ya kilele cha kufumba na kufumbua, na kila mtengenezaji anaipiga anavyotaka. Mnunuzi aulize wati za RMS, yaani zile ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo bila kuchoka.

Tena, wati haziendi sawa na sikio. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti inayotambulika lakini ndogo. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji karibu mara kumi ya wati. Kwa hiyo kwaya inayojinyima kwa miezi ili itoke wati 50 kwenda wati 100 isitegemee kelele maradufu. Itapata nafasi kidogo zaidi ya usafi, na kwetu hiyo ndiyo sababu pekee ya kulipa zaidi.

Neno lisikike

Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho, katika sura ya 14 ya waraka wake wa kwanza, kwamba filimbi au kinubi kisipotoa sauti zenye kutofautiana, nani atatambua kinachopigwa? Na tarumbeta ikilia bila kueleweka, nani atajiandaa kwa vita? Paulo alikuwa anazungumzia kunena kwa lugha, lakini alichukua mfano wake kwenye vyombo vya muziki kwa sababu kila mtu aliujua. Chombo kisichoeleweka hakimjengi msikilizaji.

Kanisa limelisema jambo hili wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika konstitusio ya liturujia ya mwaka 1963, uliipa kinanda cha mabomba heshima kubwa, ila uliruhusu vyombo vingine vinavyofaa au vinavyoweza kufanywa vifae kwa ibada. Miaka minne baadaye maagizo ya Musicam Sacram yakaweka mpaka: vyombo viyasaidie maneno na sauti za waimbaji, na visizifunike hata ikawa vigumu kuelewa kinachoimbwa. Kwa kipimo hiki, amplifaya inayokwaruza wakati wa zaburi ya wimbo wa katikati ni suala la liturujia, hata kama mpigaji ana vidole vya dhahabu.

Sababu ya kifizikia nayo ipo. Konsonanti, ambazo ndizo zinazotufanya tutofautishe "pendo" na "tendo", zinasikika zaidi kati ya mitetemo 1,000 na 4,000 hivi kwa sekunde. Mkwaruzo wa gitaa unajaza eneo hilohilo. Ongeza ukuta wa saruji na paa la bati visivyonyonya sauti, na mtu wa benchi la mwisho anapata mvumo tu. Anaijua tuni, lakini hajui kwaya imesema nini. Na mara nyingi huyo wa benchi la mwisho ndiye mgeni, au mzee ambaye masikio yake yameanza kuchoka.

Mtakatifu Thoma alitaja pia vitu vitatu ambavyo uzuri unavihitaji: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Tukiazima mafundisho hayo kwa ajili ya kwaya, tunaweza kusema hivi: noti isikatwe kichwa, gitaa lilingane na sauti za watu, na maana ya wimbo ing'ae. Ukikosa kimoja, vingine viwili vinateseka.

Ni mapokeo ya ziwa hili

Isidhaniwe kwamba tunawaletea watu wa Ujiji ladha ya kigeni. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na gitaa la Kongo limelelewa katika usafi. Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, aliimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu bila umeme. Vidole vyake vilifanya gitaa moja lisikike kama mawili, na kila uzi ulisema neno lake. Franco na Docteur Nico walipotumia umeme, hawakuacha noti zisikike moja moja. Sebene haiwezekani bila hilo. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, alipiga vivyo hivyo, na miaka yake ya mwisho akageukia nyimbo za Injili. Mzee yeyote wa Mwanga au Kibirizi aliyekulia kwenye redio anaijua sauti hiyo tangu utoto.

Tuongeze tahadhari: usafi wa sauti haugeuzi dansi kuwa liturujia. Sebene safi ni sebene bado, na mahali pake ni sherehe baada ya Misa. Lakini mkono uliojifunza kupiga noti zinazosikika ni mkono unaoweza kufundishwa kuinyenyekea zaburi.

Kuna na majirani zetu. Ujiji ni mji wa kale wa Waswahili, na wengi tunaoishi nao ni ndugu Waislamu. Tunazikana, tunaalikana harusini. Mazoezi ya kwaya yanayovuka ukuta na kuingia sebuleni kwa jirani aliyechoka si ushuhuda mzuri. Mapadri Weupe walipofika mji huu Januari 1879 hawakuwa na kipaza sauti, na Injili haikukwama kwa kukosa wati.

Namna ya kuchagua

Ulimwenguni kuna amplifaya mbili ambazo wapigaji wengi huzitumia kama kipimo cha sauti safi. Ya kwanza ni Fender Twin Reverb iliyotoka mwaka 1963, ya wati 85 na spika mbili za inchi 12. Ya pili ni Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ya wati 120, nayo ina spika mbili za inchi 12. Ya kwanza inatumia valvu za kioo kama redio za kizamani. Valvu huchakaa na lazima zibadilishwe. Ya pili inatumia transista, haina cha kuchakaa namna hiyo. Zote ni ghali kwa kwaya ya kawaida, na kila moja ina uzito wa karibu kilo 30. Tumezitaja si ili zinunuliwe, bali ili mpiga gitaa atafute rekodi zake, azisikilize, na sikio lake lijue linatafuta nini. Kwa mazingira yetu tunapendekeza transista, kwa sababu valvu ikifa siku mbili kabla ya Pasaka, kuipata Kigoma ni kazi.

Siku ya kwenda dukani, mpiga gitaa aende mwenyewe, na gitaa lake mwenyewe. Afanye yafuatayo. Kwanza, awashe mashine bila kupiga kitu na asikilize kama inazomea. Pili, afungue sauti nusu, apige uzi mnene kwa nguvu, kisha nyuzi zote. Ikianza kukwaruza hapo, airudishe. Tatu, mwenzake asome kwa sauti ya kawaida wakati yeye anapiga taratibu. Maneno yakipotea, apunguze sauti nyembamba na za kati, na yasiporudi, aiache. Nne, atazame nyuma imeandikwa volti ngapi. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine ya soko la Marekani ni ya volti 120 na ikichomekwa hivihivi itaungua. Tano, bajeti ibakize fedha ya stabilaiza na waya mzuri.

Jambo lingine: amplifaya ya gitaa ni ya gitaa. Tabia ya kuchomeka gitaa, kinanda na vipaza sauti viwili kwenye mashine moja ndiyo inayoua sauti za kwaya nyingi, kwa sababu spika ya gitaa haikuundwa kubeba sauti ya mtu. Na ikishafika kanisani, iwekwe juu ya kigoda, ielekee kwa wanakwaya na siyo kwa waamini. Mpigaji akijisikia vizuri, hatakuwa na sababu ya kuongeza.

Kwa wazee na kwa vijana

Wazee wetu, hofu yenu tunaielewa. Mtakatifu Agustino mwenyewe, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alihofia kwamba uimbaji unaweza kumgusa kuliko kile kinachoimbwa. Hata hivyo hakuufukuza wimbo kanisani. Tunaomba nanyi msilifukuze gitaa kabla hamjalisikia likipigwa kwa kiasi.

Vijana wenzetu, fedha hizi zimetoka kwa wauza dagaa na mawese, shilingi kwa shilingi. Hakuna aliyechanga ili asikie umahiri wa mtu. Wamechanga ili Jumapili wainue mioyo yao. Na masika mvua ikipiga bati, hakuna mashine itakayoshinda. Siku hiyo acheni gitaa, mwimbe, na watu wote waitikie.

Tunapendekeza basi kamati ya liturujia, viongozi wa kwaya na mama mmoja wa WAWATA wakae pamoja kabla ya kununua, na baada ya kununua wamteue mtu mmoja wa kukaa benchi la mwisho kila Jumapili kwa mwezi mzima. Kazi yake iwe moja: baada ya Misa aseme kama alielewa maneno ya wimbo. Akisema hakuelewa, kitufe kishushwe, bila ubishi.