Kilemba Nakiona, Mimi Niko Wapi?

Bibi aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

"Kilemba changu nakiona," alisema. "Pamba naiona. Mimi niko wapi, mjukuu wangu?"

Alikuwepo. Alikuwa ile sehemu nyeusi kati ya kilemba cheupe na lundo la pamba, shambani kwetu nje kidogo ya Bariadi, mwezi wa saba, saa saba mchana. Nilimpiga mwenyewe kwa kamera ndogo ya dijitali niliyoinunua mtumba. Kila niliyemwonyesha alikuwa na jibu: jua lilikuwa kali, hujui kupiga, au, hili kwa kicheko, bibi yako ni mweusi mno. Mimi nasema kosa ni la kitufe ambacho hakipo.

Kipima mwanga cha kamera hakimjui Bibi wala pamba. Kimetengenezwa kwa kuamini kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele ya lenzi utapata kijivu cha katikati, kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Kikikuta weupe umejaa, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza. Pamba inageuka kijivu na uso mweusi unazama. Watengenezaji wanalijua hilo tangu zamani, na dawa yake wanayo: alama ya jumlisha na toa. Ukiweka jumlisha moja, mwanga unaingia mara mbili.

Ila angalia walipoiweka. Canon PowerShot G10 ya mwaka 2008 ina gurudumu lake juu kabisa, linazungushwa kwa vidole bila kufungua chochote. Fujifilm X100 ya mwaka 2011 nayo hivyo hivyo. Hizo ni kamera za wenye fedha. Kwenye yangu, na nyingi za bei ya chini nilizowahi kushika, alama hiyo imefichwa ndani ya menyu, na ukiwa kwenye AUTO huipati kabisa. Eti mtumiaji wa kawaida atachanganyikiwa! Mtu anayeendesha cherehani, anayesimamia mizani ya pamba asipunjwe hata kilo, ndiye atakayeshindwa na jumlisha na toa?

Kitundu cha kuchungulia nacho walikiondoa ili skrini ipanuke. Kwa jua la Simiyu, skrini hiyo ni kioo cha kujitazamia. Kosa langu nililiona baadaye, kivulini.

Najua nitaambiwa upo ujanja. Upo. Mpiga picha mmoja wa stendi alinifundisha: elekeza kamera kwenye udongo mweusi ulio umbali sawa na mtu wako, bonyeza kitufe nusu, usiachie, rudi usoni, malizia. Ile nusu inashikilia fokasi na mwanga kwa pamoja. Namshukuru. Lakini ni ajabu ulipie mashine inayojipimia yenyewe, halafu ulazimike kuidanganya ndipo imwone bibi yako.

Nasikia vijana wenzangu wa Dar mmeanza kuzitafuta tena kamera hizi, kwa ajili ya flashi na rangi zake. Sawa. Kabla ya kulipa, igeuze mkononi na uitafute ile alama kwa kidole gumba. Habari za rangi uliza baadaye.

Msimu uliofuata nilirudi shambani nimejiandaa. Toka AUTO, fungua menyu, shuka, shuka tena, sogeza kulia, kulia, thibitisha. Hatua saba. Nilipoinua uso, Bibi alikuwa ameshatua kikapu na kukaa chini ya mti, anakunywa maji.

"Umemaliza?" akauliza.