Nyumbani na Shuleni: Mtoto Aliyerushwa Darasa



Mwezi huu nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, maana naona wazazi na walimu wengi wangali wakilitenda, nao hulitenda kwa kumpenda mtoto, kama nilivyolitenda mimi.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha Darasa la Tatu. Mlikuwa na mtoto mmoja mwanamume, mpole, aliyependa kuketi karibu na dirisha. Nilipoandika hesabu ubaoni, kabla sijaweka chaki chini yeye alikuwa amekwisha kupata jibu. Hakuandika njia, aliandika jibu tu, nalo lilikuwa sawa. Siku moja nilimwuliza 25 mara 12, akanijibu pale pale, “Mwalimu, 25 nne ni 100, na katika 12 mna nne tatu, basi ni 300.” Hayo hakufundishwa na mtu.

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu, nikamwambia, “Mtoto huyu apoteza wakati wake hapa. Na arushwe darasa.” Wazazi wake wakafurahi, hata baba yake akaniletea jogoo. Mwaka mpya ulipoanza, mtoto akaliruka Darasa la Nne, akaingia la Tano.

Muhula wa kwanza haujaisha, mama yake akanijia nyumbani jioni. Akasema, “Mwalimu, mwanangu amebadilika. Kila asubuhi yenye kipindi cha hesabu huumwa na tumbo. Baba yake asema amekuwa mvivu kwa sababu ya kusifiwa, naye amekwisha kumchapa mara mbili. Jana usiku aliniambia, ‘Mama, mimi sina akili. Walikosea.’”

Neno hilo la mwisho lilinichoma, maana aliyekosea ni mimi.

Nikamwomba amlete mtoto kesho yake pamoja na daftari lake. Tukalifungua. Hesabu za kuzidisha zilikuwa sawa zote, na za kutoa vilevile. Lakini kila palipokuwa na hesabu ya sehemu, palikuwa na alama nyekundu. Mahali pamoja aliulizwa nusu jumlisha theluthi, naye alijumlisha namba za juu, kisha za chini, akaandika 2/5.

Sikumwambia kwamba amekosa, maana alama nyekundu zilikuwa zimekwisha kumwambia. Nikatwaa chungwa, nikalikata, nikampa kipande.

“Una nini mkononi?”

“Nusu.”

“Nikikuongezea theluthi ya chungwa jingine kama hili, utakuwa na zaidi ya nusu, au pungufu?”

“Zaidi.”

“Na hiyo 2/5 uliyoandika, ni zaidi ya nusu, au pungufu?”

Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Kisha akasema, “Pungufu! Mwalimu, nimeongezewa nikapungukiwa!” Akacheka, na mama yake akasema hajamsikia kucheka tangu mwezi uliopita. Tukakata machungwa mengine vipande sita sita, akaona kwa macho yake kwamba nusu ni vipande vitatu, na theluthi ni viwili, na jumla ni vitano katika sita. Halafu akaniuliza, “Lakini wenzangu walijifunza haya lini?”

Nikamjibu, “Mwaka jana, katika darasa tulilokurusha.”

Wasomaji wangu, hapa ndipo nilipofahamu. Akili nyingi ni mbio za kujifunza. Si kujua jambo ambalo hukufundishwa. Na hesabu haifanani na masomo mengine. Mtoto aliyekosa somo moja la historia aweza kulifahamu la pili yake. Bali asiyejua sehemu hatafahamu asilimia, wala uwiano, wala aljebra, kwa kuwa kila moja imejengwa juu ya nyingine kama matofali. Mtoto huyu alikuwa na tofali chache zisizokuwapo, naye akadhani nyumba nzima ni mbovu.

Tukaketi pamoja, Mwalimu Mkuu, mwalimu wa Darasa la Tano, wazazi na mimi. Baba alitaka abaki alipo, maana aliona haya mbele ya jirani. Mwalimu wake alitaka arudishwe kabisa Darasa la Nne. Mimi nilisema kwamba katika kusoma, kuandika na maarifa anawatosha wenzake, basi kumrudisha katika yote ni kumwadhibu kwa kosa letu. Mwisho tukapatana hivi: akae Darasa la Tano, ila wakati wa hesabu aende Darasa la Nne, muhula mmoja. Mwalimu Mkuu alilazimika kuigeuza ratiba, wala hakupendezwa, lakini aliigeuza.

Aliyemwambia mtoto ni mama yake. Alimwambia, “Mwanangu, hurudishwi nyuma. Waenda kuchukua kitu kilichosahauliwa njiani.” Wenzake walimcheka siku za kwanza, nami siwezi kusema kwamba hakulia. Lakini mwalimu wa Darasa la Nne alikuwa mwenye busara: kila alipomaliza mapema alimpa swali moja gumu zaidi, asije akachoka kwa kungoja. Muhula wa tatu akarudi kwa wenzake. Hakuwa wa kwanza, alikuwa wa tisa. Lakini tumbo halikumwuma tena.

Hata wakuu wa hesabu walihitaji mtu wa kuketi nao. Carl Friedrich Gauss alizaliwa mwaka 1777 mjini Brunswick, Ujerumani, mwana wa mtu maskini wa kazi za mikono. Yasimuliwa kwamba shuleni mwalimu aliwaambia watoto wajumlishe namba zote toka 1 mpaka 100, naye akaleta jibu upesi: 5050. Alikuwa ameona kwamba 1 na 100 ni 101, na 2 na 99 ni 101, na jozi za namna hiyo ni 50. Lakini msisahau habari ya kijana Bartels, msaidizi wa mwalimu yule, aliyemzidi Gauss miaka minane tu. Yeye aliketi naye wakasoma vitabu vya hesabu pamoja. Kipawa kilikuwa cha mtoto, lakini alipata na mwenzi wa kumwongoza.

Basi, wazazi, mtoto mwenye akili akianza kushindwa, kwanza fungueni daftari kabla ya kushika fimbo. Tazameni kama makosa yametawanyika, au yote ni ya namna moja. Pili, mzoezeni kuandika njia, hata kama jibu amelipata kichwani, maana pasipo njia hatuwezi kuona alipojikwaa. Tatu, nendeni kwa mwalimu na daftari mkononi, wala msiulize, “Kwa nini mwanangu ameshushwa?” bali ulizeni, “Ni somo gani hasa limempita?” Nasi walimu, kabla ya kumrusha mtoto, tumpe kwanza mtihani wa darasa lile tunalotaka alipite. Mimi sikufanya hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ule niliufanya mimi.

Jioni ya leo, baada ya chakula, waulizeni watoto wenu jumla ya namba zote toka 1 mpaka 20. Atakayesema 210, msimsifu kwanza. Mwombeni awaonyeshe wenzake njia.