FEDHA ISITANGULIE KAZI



Karani hawezi kutoa hata shilingi moja ya Serikali pasipo hati ya malipo, sahihi na stakabadhi. Mwuzaji akija ofisini kutaka alipwe kabla hajaleta mali, karani humjibu kwa adabu kwamba kanuni haziruhusu. Walakini karani huyo huyo, akitaka kuezeka upya nyumba yake, humkabidhi fundi mshahara wa miezi mingi mkononi, pasipo karatasi wala shahidi. Twaona jambo hili halifai, nalo ndilo tupendalo kulinena leo.

Mtumishi wa Serikali huhamishwa. Nyumba yake iko Tanga, naye yuko kazini Songea. Fedha mara nyingi ni mkopo wa chama cha akiba, na makato yake hayangoji paa limalizike. Fundi akiiacha kazi njiani, mtumishi huendelea kukatwa kila mwezi kwa ajili ya nyumba ivujayo. Tena kutengeneza nyumba ya zamani kuna shida yake: mabati ya kale yakisha kuezuliwa, masika yakaribia na watoto wamo ndani, mwenye nyumba ndiye mwenye haraka, wala si fundi aliyekwisha kupokea fedha zote.

Hatusemi kwamba mafundi ni wezi. Wengi wao ni watu waaminifu. Lakini yuko fundi ambaye fedha ya nyumba yako huinunulia saruji nyumba iliyotangulia, na kazi yako hungojea arubuni ya mtu wa tatu. Mtu wa tatu asipotokea, kazi yako husimama.

Basi yatupasa kufanya nyumbani kama tufanyavyo ofisini.

Kwanza, mapatano yaandikwe. Sheria yaweza kuyatambua hata mapatano ya mdomo, lakini ni nani atakayeyathibitisha? Kuandika "kuezeka nyumba" tu hakutoshi. Itajwe idadi ya mabati na unene wake, maana bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na kwa macho ya mpita njia yafanana. Itajwe bei, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na pande zote mbili zitie sahihi mbele ya mashahidi. Kwa kazi kubwa, mkandarasi aulizwe cheti chake: katika Tanzania Bara, Sheria ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na jina lake laweza kuulizwa huko.

Pili, vifaa vitengwe na ujira. Mwenye nyumba, au mtu wake amwaminiye, anunue saruji, mbao na mabati mwenyewe, apokee stakabadhi ya duka, na kuvihesabu vifaa vinapoingia.

Tatu, ujira ulipwe kwa mafungu, kila fungu baada ya kazi kuonekana. Tuseme ujira ni shilingi 2,000,000. Arubuni iwe 200,000. Kenchi zikisimama, 600,000. Mabati yakiisha kupigiliwa, 600,000. Dari na lipu zikimalizika, 400,000. Shilingi 200,000 zilizobaki zingoje siku 30, au mvua kubwa ya kwanza, kama walivyopatana. Paa huonekana zima wakati wa kiangazi. Mvua ndiyo ionyeshayo msumari uliopigiliwa vibaya.

Nne, fedha zipitie benki au simu, kwa jina la yule yule aliyetia sahihi, wala si kwa ndugu yake wala kibarua wake. Zikitolewa taslimu, papo hapo iandikwe stakabadhi. Naye aliye mbali asilipe kwa kuonyeshwa picha tu, kwani picha yaweza kuwa ya nyumba ya jirani. Amtume mtu akague kwanza, ndipo alipe.

Kadhalika fundi naye ana haki zake. Fungu likisha kustahili, lilipwe siku ile ile, kwa sababu vibarua wake hula kwa ujira huo. Mwenye nyumba akibadili shauri na kutaka dirisha kubwa zaidi, bei ya badiliko hilo iandikwe kabla ya ukuta kuvunjwa. Mtumishi anayemzungusha fundi kwa maneno ya "njoo mwisho wa mwezi" hana haki ya kulalamika fundi akienda kutafuta riziki mahali pengine. Karatasi humlinda fundi dhidi ya mwenye nyumba mkaidi, kama imlindavyo mwenye nyumba dhidi ya fundi mwongo. Kwa hiyo mtu asione haya kuitaka, wala asidhani kwamba kuandikiana ni kutukanana.

Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tushikao madaftari ya watu wengine siku zote, tusikose daftari moja la nyumba zetu.