Bwana Shamba Anakuambia: Kibao cha Hamsini

Ndugu msomaji, mwezi huu sitaandika juu ya pamba wala mihogo. Nitaandika juu ya barabara. Lakini nitaanzia kwenye banda la kuku, maana huko ndiko nilikokosea.

Siku moja nilikwenda katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Bwana Mifugo wetu alikuwa safarini, nami nilimshikia kazi ya kuchanja kuku kideri. Nilifika nyumbani kwa mzee mmoja ninayemheshimu sana. Banda lake la kuku lilikuwa na mlango wa bati nene la mviringo. Bati lilikuwa jeupe, na ukingo wake mwekundu. Katikati paliandikwa namba, lakini bati lilikuwa limepinduliwa. Nikainamisha kichwa, nikasoma: 50.

Nikamwambia, "Mzee, naona kuku wako wamekatazwa kukimbia." Tulicheka sana. Aliniambia bati hilo alilinunua kwa kijana anayeuza vyuma chakavu. Nikachanja kuku, nikanywa uji, nikapanda pikipiki yangu, nikaondoka.

Sikumwambia mtu yeyote.

Miezi 3 baadaye mtoto wa kike wa darasa la 3 aligongwa na basi akivuka barabara kwenda shuleni. Namshukuru Mungu hakufa. Lakini mguu ulivunjika mahali pawili. Alilala hospitali majuma mengi, na mpaka leo anachechemea. Dereva alipoulizwa kwa nini hakupunguza mwendo kijijini, alijibu, "Sikuona kibao."

Alisema kweli. Kibao kilikuwa kwenye banda la kuku.

MKUTANO WA KIJIJI

Siku ile ya ajali watu walikasirika. Walipanga mawe na magogo barabarani, magari yakasimama pande zote mbili. Polisi walikuja, wakazungumza na wazee, njia ikafunguliwa. Kisha mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Hebu sikiliza yaliyosemwa, maana nadhani hata katika kijiji chako watu husema hivyo hivyo.

Kijana mmoja, dereva wa lori aliyezaliwa hapo, alisema: "Sisi madereva tunaonewa. Mahali pengine kibao kipo, lakini kimefichwa na matawi. Mahali pengine kijiji kinaisha, lakini kibao cha kumaliza hakipo. Halafu trafiki anakaa nyuma ya mwembe na tochi yake. Anakupiga tochi, unaandikiwa faini. Je, huo ni usalama, au ni kutafuta fedha?"

Mzee mmoja alijibu: "Mwanangu, wewe unalia kwa sababu ya faini. Mwenzako analia kwa sababu ya mtoto. Tuweke matuta, basi. Tuta halipokei rushwa."

Mama mmoja muuza samaki akasimama. Alisema: "Mimi nitasema kweli. Sato wangu hawasubiri. Dereva akienda polepole, mimi ndiye ninayepiga kelele: dereva, kanyaga mafuta! Na tukiona trafiki mbele, sisi abiria wote tunamlaani trafiki."

Watu walicheka, lakini kicheko chao kilikuwa kifupi. Wengi walijiona katika maneno ya yule mama. Hata mimi.

SHERIA INASEMA NINI

Tanzania tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Sheria hiyo inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi palipowekwa alama. Magari ya abiria na magari mazito hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya makazi.

Kibao cha mwanzo ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu na namba 50. Kuanzia hapo dereva apunguze mwendo. Kibao cha mwisho kina mstari au mistari iliyolala upande, imekata namba. Maana yake ni kwamba amri ya 50 imekwisha.

Basi lililomgonga yule mtoto lilikuwa na kifaa cha kuonyesha mwendo. Siku hizi mabasi ya safari ndefu hufungwa vifaa hivyo, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hufuatilia mwendo wao. Kifaa kilionyesha kwamba basi lilikuwa chini ya kilomita 80. Dereva alifuata namba aliyoijua. Hakuijua namba ya 50, kwa sababu sisi tuliing'oa.

TULIPIMA KWA KAMBA

Watu waliuliza: "Je, 50 na 80 zina tofauti gani? Si zote ni mwendo tu?" Mwenyekiti akaniambia, "Bwana Shamba, wewe ndiwe mwenye kamba. Tuonyeshe."

Tulikwenda uwanja wa mpira. Nilichukua kamba ile ile tunayopimia mistari ya pamba, na vigingi 3. Tulianza kwenye mstari wa goli. Nikawaambia: tuseme hapa ndipo dereva anapomwona mtoto. Kwanza dereva hushtuka. Sekunde 1 hupita kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Katika sekunde hiyo gari halikusimama, linakwenda tu. Kisha breki hushika, gari linaburuzika mpaka litulie.

Kigingi cha kwanza: gari la mwendo wa 50 husimama baada ya mita 28 hivi.

Kigingi cha pili: gari la mwendo wa 80 husimama baada ya mita 57 hivi.

Kigingi cha tatu: gari la mwendo wa 100 husimama baada ya mita 83 hivi. Kigingi hicho kilikuwa karibu na goli la pili.

Hizi ni hesabu za lami kavu, breki nzuri na dereva aliye macho. Mvua ikinyesha, au matairi yakiwa yameisha, umbali huongezeka.

Kisha nilimwomba mtoto mmoja asimame mita 40 kutoka golini. Nikauliza: "Gari lipi litamfikia?" Hakuna aliyehitaji kujibu. Kigingi cha 50 kilikuwa mbele yake, na nafasi ya mita 12 ilibaki. Kigingi cha 80 kilikuwa nyuma yake. Kwa hesabu, basi la mwendo wa 80 likimfikia mtoto huyo, bado linakwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa, ingawa dereva amekanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Mama mzazi wa yule mtoto aliyeumia alikuwepo. Alikitazama kigingi cha 50 kwa muda mrefu. Hakusema kitu. Mimi nilitazama chini.

DAKIKA TUNAZOZIKIMBILIA

Sasa tumjibu mama wa samaki. Tumia kalamu na karatasi, tufanye hesabu pamoja.

Kutoka Magu mpaka Mwanza ni kama kilomita 60. Gari likienda 80 kwa saa njia nzima, litatumia dakika 45. Likienda 100, litatumia dakika 36. Umeokoa dakika 9 tu.

Je, vijiji vinachelewesha kiasi gani? Tuseme kijiji kina urefu wa kilomita 1. Kwa mwendo wa 80 utakipita kwa sekunde 45. Kwa mwendo wa 50 utakipita kwa sekunde 72. Tofauti ni sekunde 27. Ukipita vijiji 10 vya namna hiyo, utachelewa dakika 4 na nusu.

Mama alifikiri, kisha akasema, "Dakika 4 huwa nazipoteza kituoni nikibishana na konda juu ya nauli ya tenga." Basi, sato haozi kwa dakika 4. Lakini mguu wa mtoto haurudi.

JE, TRAFIKI NA TOCHI WANA MAANA?

Ndugu msomaji, mabishano haya si yetu peke yetu. Uingereza ilifuta kikomo cha mwendo wa magari madogo mwaka 1930. Watu wengi waliendelea kufa barabarani. Mwaka 1935 wakaweka tena kikomo mahali penye makazi: maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48 hivi. Majirani zetu wa Kenya, waziri wao John Michuki aliamuru matatu zote zifungwe vidhibiti mwendo na mikanda kuanzia mwaka 2004. Wenye matatu waligoma, abiria wakatembea kwa miguu. Lakini amri ilibaki. Na hapa kwetu mabasi yalikatazwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990, mpaka ruhusa ilipotolewa tena mwaka 2023. Sasa mabasi hupita vijijini usiku pia, wakati macho ya dereva hayaoni mbali.

Barabara yetu hii tunaijua. Mwezi Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana eneo la Sabasaba, Butiama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mwezi Januari 2022 huko Busega ajali iliua watu zaidi ya 10, wakiwemo waandishi wa habari waliotoka Mwanza. Sisemi kila ajali ina chanzo kimoja. Lakini chanzo chochote kiwe, kasi ndiyo inayoamua kama mtu atachubuka au atazikwa. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo ukipanda kutoka 50 hadi 65, hatari ya mwenda kwa miguu kufa akigongwa na gari huzidi zaidi ya mara 4.

Kwa hiyo tochi ina maana. Lakini yule kijana wa lori naye ana haki. Tochi ikikaa karibu na shule asubuhi, hakuna atakayebisha. Ikikaa mteremkoni ambako hakuna nyumba, dereva ataona anawindwa tu. Na trafiki anayepokea kitu kidogo badala ya kuandika faini ameuza kibao kama yule aliyekiuza kwa vyuma chakavu. Bei tu ndiyo tofauti.

TUFANYE NINI

Mkutano ulikubaliana mambo haya. Yafaa na kijiji chako mkayajadili.

1. Kibao cha barabara ni mali ya wote. Sungusungu hulinda ng'ombe usiku. Walinde na vibao. Anayeuza na anayenunua wote ni wezi.

2. Tusijenge matuta wenyewe, wala tusipange mawe. Tuta lisilo na alama huua mwendesha pikipiki usiku. Barabara kuu iko chini ya TANROADS. Serikali ya kijiji iandike barua, ipitie kwa Mtendaji wa Kata, iombe kibao, matuta au kivuko mbele ya shule. Wekeni nakala ya barua.

3. Tusianike mpunga wala udaga kwenye lami. Dereva akikwepa mpunga wako, atamkuta mtoto wa jirani.

4. Anayetembea kwa miguu apite upande wa kulia, ayaone magari yanayomjia. Usiku avae nguo nyeupe. Ng'ombe wavushwe na watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, wala si mtoto peke yake.

5. Ukiwa ndani ya basi, soma vibao. Wewe sasa unajua kusoma. Ukiona 50 na basi linakimbia, sema kwa adabu: "Dereva, tuko kijijini." Mwingine atakuunga mkono. Hatari ikizidi, piga simu polisi, namba 112.

NENO LANGU LA MWISHO

Kabla mkutano haujafungwa niliomba nafasi. Nilisema mbele ya watu wote: "Mimi nilikiona kibao. Nilikisoma. Nilicheka." Kulikuwa kimya. Nilijua ninamwaibisha na mzee wangu pia, lakini sikulitaja jina lake.

Mzee aliinuka mwenyewe. Alitoka, tukadhani amekasirika. Baadaye alirudi na bati lake kwapani, lina mavi ya kuku. Aliliweka miguuni pa mwenyekiti. Akasema, "Mimi sijui kusoma. Nilijua ni bati tu. Lakini Bwana Shamba anajua kusoma."

Neno lile linaniuma mpaka leo. Nimekuwa nikiwafundisha watu kwamba kusoma ni mwanga. Kumbe mwenye taa akiifunika, giza lake ni baya kuliko la asiye na taa.

Kibao kipya kimekwisha wekwa, na nguzo yake imejengewa saruji. Mtoto amerudi shuleni. Huchelewa kidogo asubuhi kwa sababu ya mguu, na mwalimu hamwadhibu. Kila nipitapo pale na pikipiki yangu, naisoma ile namba, nami napunguza mwendo.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Kwaheri.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kijiji chako kuna vibao vingapi vya barabara? Nenda ukavihesabu.

2. Kwa nini basi la mwendo wa 80 lisingeweza kusimama kabla ya kumfikia mtoto wa mita 40?

3. Nani alikosa zaidi: aliyeng'oa kibao, aliyekinunua, au aliyekisoma akanyamaza?